Damu ya Sindano na Swala Zinazoachwa

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Ambaye katika kubainisha haki hakuona haya. Tunalolizungumza Ijumaa hii wengi hulionea haya, na haya hiyo inawagharimu wake zetu na binti zetu ibada zao.

Mwanamke huenda zahanati akachomwa sindano ya miezi mitatu, au akawekewa kijiti chini ya ngozi ya mkono. Baada ya wiki chache damu huanza kuja bila mpangilio: leo matone, kesho yamekatika, keshokutwa yamerudi, na mwezi unakwisha bado amejifunga kitambaa. Kwa kuwa tangu usichana wake alifundishwa kwamba mwenye damu haswali, anakunja mswala wake. Wapo wanaokaa hivyo miezi miwili na zaidi, hawaswali, hawafungi, na waume zao wamewahama chumbani. Hiyo si hukumu ya dini yetu. Ni matunda ya kutofundishwa, na lawama ya kwanza haimwangukii yeye.

Ieleweke kwamba hapa hatujadili kama uzazi wa mpango unafaa au haufai. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliruhusu kuzuia mimba kwa muda pale mume na mke wanaposhauriana na kuridhiana, pasipo madhara. Ambaye hakuridhika na hilo ana wanazuoni wake. Lakini mwanamke ambaye sindano imeshaingia mwilini mwake ana swali la leo, si la mwaka ujao: Adhuhuri imeadhiniwa, aswali au asiswali?

Tuanze na mwili. Homoni iliyomo katika sindano na vijiti huufanya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba, na mishipa yake midogo huwa dhaifu, ikavuja kidogo kidogo. Aghalabu huo si ugonjwa, wala si "damu chafu" iliyoganda tumboni ikitafuta njia, kama yasemavyo maneno ya mitaani. Kwa watumiaji wa sindano, baada ya mwaka takriban nusu yao hukosa hedhi kabisa, na hilo nalo halina madhara. Vidonge pia huleta matone, hasa miezi mitatu ya mwanzo au mwanamke anaposahau kumeza.

Sasa hukumu. Bibi Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) na shida hii hii ya damu isiyokatika, akauliza iwapo aache swala. Katika mapokezi ya Bibi Aisha (R.A.), yaliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, alijibiwa kuwa ile ni damu ya mshipa na si hedhi, aache swala kwa muda wa hedhi yake tu, kisha ajisafishe na aswali. Ummu Habiba bint Jahsh (R.A.) alikaa na istihadha miaka 7, naye alikuwa akioga na kuswali.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa mwambao wetu, hedhi haipungui mchana mmoja na usiku wake, wala haizidi siku 15. Matone ambayo jumla yake ndani ya siku 15 haifikii saa 24 si hedhi. Damu ikivuka siku ya 15, imeingia istihadha: mwanamke atazame damu nzito na nyepesi, na asipoweza kupambanua arejee ada yake ya zamani. Mwenye istihadha hujisafisha, hujifunga vizuri, hutawadha kila wakati wa faradhi unapoingia na kuswali bila kuchelewa. Saumu yake ni sahihi, na mumewe hakuharamishiwa kumwendea. Swala alizoziacha katika siku za istihadha atazilipa.

Upande wa pili wa lawama ni wa baadhi ya watoa huduma. Kumchoma mtu sindano bila kumwambia kwamba damu yake itavurugika ni kumnyima haki ya kuchagua, kwani kijiti chaweza kutolewa siku yoyote, ilhali sindano ikishaingia haitolewi. Husubiriwa mpaka iishe. Zipo pia dawa zinazoweza kupunguza damu hiyo kwa muda, lakini atakayeambiwa tu "vumilia" hatazijua.

Hata hivyo, si kila damu isingiziwe sindano. Damu inayokuja baada ya tendo la ndoa, au nyingi kupita kiasi, au yenye homa na maumivu chini ya kitovu, haina budi kuchunguzwa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na damu ni miongoni mwa dalili zake.

Kwa haya yote mwanamke anahitaji kalenda ya ukutani na kalamu. Aandike siku damu ilipoanza, rangi yake na siku ilipokatika. Karatasi hiyo moja ataionyesha kwa daktari, na ataionyesha kwa mwalimu wake wa darsa.