Harufu ya choo ndani ya nyumba: kosa si la mpangaji

Chumba kimepigwa deki, dawa yenye harufu nzuri imemwagwa, lakini ikifika jioni harufu ya choo imerudi palepale. Mwenye nyumba anasema wapangaji ni wachafu. Wapangaji nao wanalaumiana. Mara nyingi hakuna mchafu hapo. Kosa lilifanyika siku bomba lilipofungwa.

Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahimiza wananchi kuchimba vyoo, na choo cha wakati ule kilikaa uani, mbali na kitanda. Siku hizi, kwenye maeneo ya machimbo kama Mwakitolyo, wilayani Shinyanga, nyumba ya kupanga inayojengwa kisasa inaweka choo na sinki ndani. Vijijini hatuna mtandao wa majitaka, hivyo bomba linatoka chumbani moja kwa moja hadi kwenye shimo.

Kinachozuia hewa ya shimo isirudi ndani ni maji. Chini ya sinki na choo panatakiwa kona iliyopinda kama herufi S au P. Maji yanayobaki humo, kina cha sentimita 5 hivi, ndiyo mlango. Fundi akifunga bomba lililonyooka ili kupunguza gharama, mlango haupo, na dawa yoyote utakayomwaga ni ya muda tu.

Hata penye kona, maji hukauka. Dhahabu ikisikika kwingine, wachimbaji huhama na vyumba hufungwa. Kiangazi kikikolea, kona za vyumba hivyo hubaki tupu na jirani ndiye anayevuta harufu. Mwenye nyumba amwage lita moja au mbili za maji katika kila tundu angalau mara moja kwa wiki.

Ukisikia sinki linagugumia kila choo kinapomwagwa maji, maana yake shimo halipumui, na maji ya kona yananyonywa. Hapo linahitajika bomba la hewa lililosimama kupita paa, lenye wavu wa kuzuia nzi.

Ndugu msikilizaji, harufu hiyo si kero ya pua tu. Shimo la maji taka hutoa gesi inayonuka kama yai viza. Ikizidi sana, pua huacha kuisikia, kwa hiyo harufu kupotea si dalili ya usalama. Wachimbaji wanaijua hewa mbaya ya kwenye duara. Ya shimo la choo nayo huua, na anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka vilevile. Usiingie shimoni, na usiwashe kiberiti mdomoni mwake, kwa sababu ndani kuna gesi nyingine inayowaka.

Mpangaji hana uwezo wa kuvunja sakafu ya mtu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inataka nyumba iwe na choo salama, na afisa afya anaweza kumwagiza mwenye nyumba arekebishe. Mpangaji aanze kwa mwenye nyumba, akikataa aende ofisi ya kijiji au kata. Na wewe unayejenga sasa, kabla ya kulipia kodi ya miezi sita au kumlipa fundi, inama utazame chini ya sinki: kona ipo?