Tangi Limezikwa, Maji Tunakunywa

Kuna kituo cha mafuta karibu na kwetu hapa Makindu kilifungwa zamani. Pampu ziking'olewa, rangi ikapakwa, leo ni kinyozi na mama wa mitumba. Swali langu ni dogo sana: tangi lilienda wapi? Maana tangi halikukaa juu. Lilizikwa.

Na kabla hujasema "wewe uliacha chuo, unajua nini," ni kweli niliacha, mwaka wa pili. Lakini kuelewa Thange hakuhitaji digrii. Mwaka 2015, hapa hapa Makueni upande wa Kibwezi, bomba la Kenya Pipeline la kutoka Mombasa, lililojengwa 1978, lilivuja chini kwa chini. Petroli ikaingia mtoni na kwenye visima vya watu. Kesi ikaburuzwa mpaka Julai 2025 ndipo mahakama ya mazingira na ardhi ya Makueni ikaamuru wakazi zaidi ya 3,000 walipwe kama shilingi bilioni 3.8. Miaka 10, wasee! Na katikati hapo, 2019, bomba jingine la kampuni hiyo hiyo likavuja Kiboko, majirani zetu kabisa.

Hilo ni bomba linalojulikana, lenye kampuni na mawakili. Sasa tangi lisilo na mwenyewe nani atalishtaki?

Wazee wananiambia, "Kijana, mbona hatusikii harufu?" Harufu si kipimo. Petroli ina benzini, inayoleta saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani linasema isizidi mikrogramu 10 kwenye lita moja ya maji. Kiasi hicho pua haikipati, ukipate na chai ndiyo kabisa. Halafu maji yetu yanatoka Chyulu, yanapita kwenye nyufa za mawe ya volkano, yanatokea Makindu, Kiboko, Umani, mpaka Mzima inayonywesha Mombasa. Mawe kama hayo hayachuji kitu.

Dawa inajulikana. Unachimba visima vidogo vya uchunguzi kuzunguka tangi, unachota maji kila baada ya miezi kadhaa, unapeleka maabara, majibu unabandika kwa chifu yasomwe. Ati ni gharama? Linganisha na bilioni 3.8 halafu turudi kuongea.

EPRA hututangazia bei ya petroli kila tarehe 14, nchi nzima inanyamaza kusikiliza. Watutangazie basi na matangi yaliyozikwa: mangapi, wapi, lini yalipimwa mara ya mwisho. NEMA nao waje na chupa za sampuli, wasije na makoti tu.

Mwenye ile ploti anataka kuchimba kisima nyuma ya kinyozi, auze maji kwa mtungi. Nilimuuliza kama ameuliza kuhusu tangi. Akacheka, akasema hilo lilishaoza.

Buda, likioza, kilichokuwa ndani kilienda wapi?