Zahanati Isiyo na Muuguzi ni Banda

Kijijini kwetu kuna zahanati mpya. Kuta zimepakwa rangi, mabati hayana kutu, na mlangoni pana jiwe la ufunguzi lenye jina la gavana. Kinachokosekana ni muuguzi. Mwaka jana shangazi yangu alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, akakuta mlango una kufuli, akapakiwa kwenye bodaboda hadi hospitali ya mjini. Alijifungua salama, tukamshukuru Mungu na mwenye bodaboda. Kaunti hatukuwa na la kuishukuru.

Darasani tunafundishwa kwamba ugatuzi ulikuja ili maamuzi yafanywe karibu na mwananchi. Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda kaunti 47, na tangu 2013 zahanati na vituo vya afya vimo mikononi mwake. Gavana ana kapu moja la fedha na mahitaji mengi: barabara, maji, masoko, dawa, mishahara. Hana budi kupima. Swali ni: anapima kwa mizani gani?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kanuni za 2015 zikasema mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato. Nia ilikuwa njema, fedha zisiliwe zote na ofisi. Lakini katika hesabu hizo, kujenga zahanati ni maendeleo, na kumlipa muuguzi ni matumizi ya kawaida. Yaani tofali ni maendeleo, bali mikono inayompokea mtoto mchanga ni gharama.

Watetezi wa magavana watasema sheria imewafunga mikono. Sikubaliani nao. Kwanza, asilimia 30 hiyo hupimwa kwa kipindi cha miaka kadhaa, si kwa mwaka mmoja. Pili, sheria imeweka kikomo cha mishahara, haikusema nani aajiriwe. Anayetanguliza washauri na wasaidizi wa ofisini kabla ya wauguzi ni gavana mwenyewe, pamoja na bunge la kaunti linaloipitisha bajeti yake. Tatu, hata kisima na daraja ni maendeleo. Hakuna sheria iliyomlazimisha ajenge zahanati ya pili wakati ya kwanza haina mtu. Ukweli ni kwamba muuguzi hakatiwi utepe.

Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kwa takriban miezi mitano. Majengo yalikuwa palepale, na wagonjwa wakarudi nyumbani bila matibabu. Somo gani jingine tulihitaji?

Lakini nasi wananchi tuna lawama. Nimehudhuria mkutano wa ushiriki wa umma kuhusu bajeti. Tuliulizwa tunataka mradi gani, tukajibu, "Zahanati!" na makofi yakapigwa. Hakuna aliyeuliza nani atafanya kazi humo, mimi nikiwemo. Aliyeuliza "mradi gani" alikuwa ameshatuchagulia jibu, kwa kuwa kwetu sote mradi maana yake ni jengo.

Wanafunzi wenzangu, makadirio ya bajeti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka. Twende kwenye mikutano hiyo na dai moja: kila jengo jipya la afya liandikiwe, katika ukurasa uleule, idadi ya wahudumu wake, fungu la mishahara yao na fungu la dawa. Palipo na pengo, jengo lisipite. Wawakilishi wadi wetu waulizwe hivyo hadharani, na wajibu hadharani.

Mtoto wa shangazi anakua vizuri. Siku za chanjo, mama yake humbeba mgongoni, akapita mbele ya zahanati ile yenye rangi nzuri, akaendelea na safari ya mjini.