Faili Kabla ya Kisu
Mkazi wa Thika au Ruiru anayetaka upasuaji wa kupunguza uzito aanze na faili. Kigezo cha Marekani cha 1991 kilikuwa uwiano wa uzito na urefu (BMI) kuanzia 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilikubali 35 hata bila maradhi. Lakini anayeidhinisha malipo hamwoni mgonjwa akipanda ngazi huku akihema, anaona karatasi. Basi kila uendapo kliniki, iwe Thika Level 5 au kwingine, hakikisha uzito umeandikwa na tarehe yake, si presha pekee. Utaambiwa makaratasi humchelewesha mgonjwa. Ni kweli, na ucheleweshaji usio na sababu ni dhuluma. Ila vitamini baada ya upasuaji humezwa maisha yote, na miezi ya kliniki huweza kuonyesha mapema kama mtu ataimudu ratiba hiyo.