Kioo cha mistari miwili kiingie darasani Muheza

Kila mwenye mita ya LUKU amewahi kuinamia kioo chake kidogo akiingiza tarakimu 20 ili apate umeme. Wachache huuliza maandishi yale hufikaje pale. Swali hilo lingefaa sana maabara za fizikia za sekondari za Muheza.

Vifaa ni vichache: bodi ya Arduino, mradi ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na kioo cha mistari 2 yenye herufi 16 kila mmoja. Kioo cha kawaida hudai angalau nyaya sita za mawasiliano. Kinachopokea data kwa mfululizo hutaka tatu tu kwa jumla: wa umeme, wa ardhi na wa data. Herufi hupita zikifuatana, kama watu kwenye daraja la gogo. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kila herufi ikitumia biti 10, kioo kizima hujaa kwa sehemu ya 30 ya sekunde.

Kasi za pande mbili zisipolingana, hutokea takataka. Na hilo ni jambo jema! Kosa huonekana palepale, mwanafunzi akalitafuta.

Wapo watakaosema simu ina kioo kizuri zaidi. Kweli, lakini nani atamruhusu mtoto aifungue? Bodi hii ikishapewa programu kwa kompyuta moja ya shule, hujiendesha kwa betri, na ikiongezewa kihisi cha unyevu wa udongo inaweza kupelekwa hadi kwenye michungwa.