Kelele chini ya gari: usimsingizie shokapu

Leo tuingie uvunguni mwa gari, maana huko ndiko vijana wengi wa mjini tunakoliwa fedha mchana kweupe.

Naanza na kasheshe langu mwenyewe. Nilikuwa na Corolla ya mkono wa pili. Siku moja upande wa mbele kulia ukaanza kugonga, kila nikipita kwenye tuta ni ko-ko-ko. Nikaipeleka gereji. Fundi hata hakuinama. "Braza, shokapu zimekwisha hizo." Nikachomoa mshiko, zikafungwa mpya zote nne. Natoka getini, tuta la kwanza tu, ko-ko-ko! Nilitamani kulia. Kumbe mchawi alikuwa stabilaiza linki, kijiti kidogo cha chuma ambacho bei yake haikufika hata robo ya shokapu moja.

Kosa letu ni hili: kila kitu cha chini tunakiita shokapu. Wakati kila kimoja kina kazi yake.

Anayebeba uzito wa gari ni springi. Magari mengi madogo yana ile ya kujizungusha. Hilux nyingi na malori, kule nyuma, yana mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi ikichoka au ikikatika, gari linainama upande mmoja hata likiwa limesimama.

Shokapu yenyewe habebi, anatuliza. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye vitundu. Tairi likiruka, mafuta yanapenya kwa shida kwenye vitundu hivyo, na mruko unakufa. Bila yeye gari lingedunda kama mpira wa kikapu. Kwenye Corolla na ndugu zake, springi na shokapu za mbele vimefungwa pamoja. Mtindo huo unaitwa MacPherson, jina la injinia wa Kimarekani, na Ford waliutumia kwenye Consul na Zephyr za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Unataka kumpima shokapu? Kandamiza kona ya gari kwa nguvu, kisha achia. Likipanda na kutulia, yuko poa. Likiendelea kucheza mdundiko, kachoka. Chungulia pia kama bomba lake limelowa mafuta. Akifa, badilisha viwili vya mbele au viwili vya nyuma kwa pamoja. Na usimdharau: shokapu mfu huliachia tairi lirukeruke, na breki haiwezi kulishika tairi ambalo haligusi lami.

Bushi ni raba zinazokaa kwenye maungio ili chuma kisigonge chuma. Zikipasuka, unasikia mlio wa kukwaruza au kugonga, na gari linavuta upande ukishika breki. Stabilaiza ni ile fimbo inayozuia gari lisilale ukikata kona. Linki zake zikilegea ndiyo ile ko-ko-ko iliyonifilisi mimi.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Katika ukoo huu wote, anayeua haraka ni boljointi. Huyu ni kifundo cha mpira wa chuma, kama nyonga yako, ndicho kinachoruhusu tairi kukata kushoto na kulia huku likipanda na kushuka. Akichomoka, tairi linalala chini na usukani unabaki pambo. Kwenye mwendo wa 80 hakuna ujanja wa kukuokoa.

Kumkagua ni dakika chache. Gari linyanyuliwe kwa jeki na kuwekwa stendi, kamwe usiingie chini ya jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, ni boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia. Likicheza huko, mtuhumiwa wa kwanza ni tairodi endi, anayeunganisha usukani na tairi. Ukibadilisha tairodi, au ukigusa vya chini vinavyoshika tairi, kapime alaimenti, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja.

Na nyie masharobaro mnaokata springi ili gari lilale chini, mjue springi iliyokatwa inakuwa ngumu na inaweza hata kuhama kwenye kikombe chake. Mnaonyanyua kwa spesa nanyi msicheke: gari likiwa refu, kona inalilaza kirahisi.

Kwa hiyo, fundi akikwambia "shokapu hizo" bila kuinama, mwambie: "Nionyeshe, bosi wangu." Atikise tairi mbele ya macho yako, ndipo utoe hela.

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sawa, lakini kelele za boljointi zikuzuie kabisa kutoka nyumbani. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.