Si Jicho, Ni Kamba



Tulinyamaza ili mwenzetu apumzike na watu wamalize kusema. Hawakumaliza. Kila tunapokaa, iwe arusini au kwenye khitma, tunaambiwa lile lile: bibi harusi yule kapigwa jicho. Eti kaonyesha sana. Hina mpaka kwenye viwiko, gari la kupandia milima, ufuo mweupe, na pembea ya kulalia imetundikwa ubavuni mwa gari. Siku ya tatu ya fungate akaanguka chali juu ya jiwe la matumbawe, akategua kiuno. Jicho!

Jicho lipo, hatulikanushi, na adhkari zetu za asubuhi na jioni hatuziachi. Lakini gari lile tuliliona. Juu ya paa lilikuwa na reli mbili nyembamba za pambo, zimeshikwa na skrubu fupi. Ncha moja ya pembea ilifungwa kwenye reli, ya pili kwenye mvinje. Dereva wa kukodi akaivuta kamba mpaka ikanyooka kama ya kuanikia nguo, kwa kuwa picha hupendeza ikinyooka. Mwenzetu akakaa, reli ikang'oka. Husuda gani hapo?

Kinachotuuma zaidi ni kwamba alitaka kuikagua kamba kabla ya kukaa, akaambiwa atulie garini asije akachafua hina. "Mwachie dereva." Neno hili tumelichoka. Hebu semeni, kamba katika visiwa hivi ni kazi ya nani? Anayefukia makumbi kwenye tope la pwani, akayafukua miezi baadaye, akayaponda na kusokota usumba, ni mwanamke. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, anayeinama majini kufunga shina moja moja kwenye kamba ili bahari isilichukue, ni mwanamke. Halafu binti yake akiolewa anaambiwa mafundo ni mambo ya wanaume!

Basi tuseme tunayoyajua, na somo zetu mtusamehe tukiwaingilia kazi.

Kamba ikivutwa ikanyooka, mzigo hauwi uzito wako tu. Chukueni mwanamke wa kilo 60. Kamba zikishuka kwa nyuzi 30, kila upande unavutwa kwa nguvu ya kilo 60. Zikikazwa mpaka mteremko ubaki nyuzi 10, kila upande unavutwa kwa zaidi ya kilo 170. Mtu ni yule yule, kilichobadilika ni ukazaji. Kwa hiyo pembea ilegee. Kwa kila mita moja ya kwenda mbele, kamba ishuke nusu mita na kitu kidogo, na ukishakaa kitambaa kiwe usawa wa goti, si usawa wa kifua. Anayetaka picha ya pembea iliyonyooka aipige bila mtu ndani.

Na gari lenyewe si mti. Kioo cha pembeni, mkono wa mlango, reli za pambo, hizo si pahala pa kufunga roho ya mtu. Hata keria nzito ya Land Rover imetengenezwa kubeba mzigo unaoikandamiza kwa chini, na pembea huivuta kwa ubavu. Wanaojua hawaishii kwenye keria. Mkanda hupita juu ya paa, ukashuka upande wa pili wa gari, ukafungwa kwenye pete ya chuma ya kuvutia gari iliyoshikana na chasisi, au ukapitishwa kwenye matundu ya rimu ya gurudumu la upande huo. Hapo gari zima ndilo linalokushikilia, na keria inabaki kuuelekeza mkanda tu. Tumieni mikanda mipana isiyonyumbuka. Kamba ya nailoni ikipata uzito hurefuka, ukalala juu ukaamka umegusa chini.

Upande wa mti, uwe mzima, mnene, hai. Mnazi wenye nazi juu ya kichwa chako hatuutaki, hata kama kivuli chake kitamu. Mikoko iacheni iliko.

Gari lizimwe, litiwe gia, hendibreki ipandishwe, magurudumu yawekewe kabari za mawe au magogo. Usiku mtu asiwashe injini kwa sababu ya kuchaji simu huku mwenzake amelala karibu na ekzosi, ule moshi huua bila kuamsha. Na kabla ya yote ulizeni maji. Bamvua huku kwetu hupanda karibu mita 4, na ufuo uliokuwa uwanja maji yakiwa yametoka huenda usiwepo kabisa yakijaa. Gari likikwama mchangani maji yakija, pembea ndiyo shida ndogo.

Ufunguo nao ukae kwa aliyelala. Si kwa dereva, wala si kwa shemeji anayetaka "kulisogeza kidogo tu."

Wapo watakaosema bibi harusi wa Kiislamu hana haja ya kulala nje. Tunawajibu: yuko na mumewe, gari lenyewe ni ukuta, khanga mbili zikiningizwa upande wa pili stara imetimia, na upepo wa alfajiri unamwamsha kuswali kabla ya adhana. Wapo na wa "ajali ni kadari." Ndiyo, kadari. Na yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Hakuambiwa amwachie dereva.

Somo humfundisha mwari kufukiza udi, kusinga, kutandika kitanda kwa asumini. Vyema, visiachwe. Lakini kama fungate sasa zinakwenda na magari na pembea, mafundo mawili matatu yaingie kwenye mafunzo, na mwari ayapime mwenyewe kwa kuning'inia kabla hajalala.

Mwenzetu anatembea sasa, alhamdulillahi, kwa polepole. Jumamosi iliyopita tulikwenda naye pwani. Mumewe alishika mkanda, akamnyang'anya, akaupitisha juu ya paa, akazunguka upande wa pili na fimbo yake, akaufunga gurudumuni. Akauvuta mara tatu. Kisha akanyoosha mkono aletewe ufunguo.